Jina la Baba Mkwe

"Jina lisilotajwa halifungui mlango." Mnaisema kila siku mkimtania mwenzenu mwenye haya, na leo ndiyo kwanza mnaniuliza imetoka wapi! Haya, kaeni. Methali hii ilianzia nyumbani kwa baba yangu, nami nilikuwepo.

Enzi zile kwetu Rungwe, mke hakutaja jina la baba mkwe wake, wala hakusema naye. Wakikaribia kukutana njiani, mke aliingia migombani mpaka mzee apite. Subilaga, mke wa kaka yangu, aliishika mila hiyo miaka kumi na mmoja. Kisha kaka akapooza. Subilaga alikuwa muuguzi, akapata kazi Botswana ili amlishe mumewe na watoto.

Alipofika huko, hospitali ikamwambia: lete namba ya akaunti ya mshahara leo kabla ya saa sita, la sivyo nafasi tunampa mwingine. Akaenda benki na pasipoti yake. Fomu akajaza, picha akapigwa. Mwisho karani akamwekea kinasa sauti.

"Taja jina lako kamili," akamwambia. "Sauti yako ndiyo itakayofungua akaunti."

Mungu wangu! Alipoolewa alichukua jina la ukweni, nalo lilikuwa Ambakisye, jina la baba yangu: kuliandika sawa, kulitaja mwiko. Akasema "Subilaga," akaishia hapo. Karani akarudia. Akasema tena "Subilaga" tu. Mtu mzima hajui jina lake? Karani akashuku pasipoti ni ya wizi, akamwita mlinzi.

Ndipo simu yangu ikalia. Nilikuwa namenya ndizi, baba yuko mlangoni anakunywa chai.

"Wifi, wananishika kwa wizi!" Subilaga alikuwa analia. "Jina la mzee limenikwama. Nifanyeje?"

Nikamweleza baba. Nilidhani atainuka aende zake. Lahaula, akaninyang'anya simu! Kisu kikaniponyoka, nikashika kichwa.

"Subilaga, mwanangu," akasema, "ni mimi, Ambakisye. Litaje."

Nikasogeza sikio karibu na simu.

"Siwezi, baba."

"Watoto watakula heshima? Litaje, nami nasikia."

"Subilaga... Ambakisye," akasema kwa sauti ndogo. Karani akamwomba arudie. Akarudia kwa nguvu, benki nzima nadhani ilisikia, na akaunti ikafunguliwa.

Baba akanirudishia simu. "Miaka yote hii," akasema, "kumbe sauti yake ndiyo hii." Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama.

Jioni wazee wa ukoo wakaja juu: mzee kavunja mila, atoe ng'ombe! Nani aliwapasha? Mdomo wangu huu huu. Baba akawasikiliza mpaka wakachoka. Akaenda zizini, akamfungua ng'ombe, akawakabidhi kamba.

"Mchukueni," akawaambia. "Lakini jina lisilotajwa halifungui mlango."