Jina Moja la Nadhiri

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana hospitali zilikwisha kuwepo, Mwanahawa alikuwa mja mzito, na bintiye Siwema ana miaka mitatu. Macho ya Siwema yakageuka manjano. Majirani wakasema, "Mwanike jua la asubuhi." Akamwanika, siku nenda siku rudi, na tumbo la mtoto likavimba upande wa kulia. Kwa hofu Mwanahawa akaweka nadhiri: "Atakayemponya mwanangu, huyu wa tumboni akiwa wa kike, nitampa jina lake."

Jina moja, jamani. Shikeni hapo.

Mama mkwe wake, Bi Hadia, ndiye aliyekuwa akimtawaza mtoto. Akaona choo cheupe kama chokaa. "Nyongo haishuki, mwanangu. Kumwanika juani sasa basi." Akambeba mgongoni hadi hospitali.

Huko daktari wa zamu akasema ni homa ya ini, wakanywe dawa nyumbani. Tunu, mpiga picha za ultrasaundi, akakataa. Akarudia kipimo mara tatu, foleni ikimnung'unikia. "Ini lenyewe ni zima. Mrija wa nyongo ndio uliotuna ukawa mfuko. Ukiachwa utafanya usaha na mawe, au upasuke."

Akaitwa Daktari Ndeshi, mwanamke mpasuaji. Wenzake wakamshauri auache mfuko, auunganishe tu na utumbo, kazi iishe upesi. Akasema, "Ukibaki, ukubwani unaweza kuzaa saratani. Iko mifuko inayojichimbia ndani ya ini. Huu uko nje. Nautoa wote." Saa sita nzima Mwanahawa alikaa mlangoni.

Siwema akapona. Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba wanawake wale watatu wakaketi mkekani, kila mmoja akilidai jina.

"Nisingekiona choo kile, angefia juani," alisema Bi Hadia.

"Ulikiona, bibi, ukanyamaza siku nne, mwenyewe ulinieleza, ukichelea mkweo asiseme unamchokonoa," alisema Tunu. "Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa."

"Kuujua si kuuponya," alisema Daktari Ndeshi. "Mkono ulioutoa ni huu."

"Na wewe uliapa kuponya kila mtu," Bi Hadia akamjibu. "Kutimiza kiapo chako kunataka zawadi?"

Mwalimu wa dini ameinama sikioni mwa mtoto, anangoja jina. Mwanahawa anamtazama Siwema na kovu lake. Nadhiri haichezewi, anaogopa akikosea jina, manjano yatarudi.

Haya, nyie mlioketi hapa, msaidieni mwenzenu: Hadia, Tunu au Ndeshi? Je, nani alistahili?