Mto wa Heshima Chini ya Msufi

Msufi wa Bwana Mzuzuri, tajiri wa magodoro, ulikuwa umeinamia nyumba ya jirani yake, Bi Siwema, mjane. Uyoga ulikuwa umeota shinani, na mizizi ya upande mmoja ilikuwa imeng'oka ardhini.

"Bwana, ukate kabla haujanizika," Bi Siwema aliomba.

"Mti mzima huo! Sufi yake ndiyo magodoro yangu. Ukiogopa, hama wewe."

"Haya, bwana. Lakini kwenye khitma ya marehemu mume wangu usikose."

Siku ya khitma, Bi Siwema alitandika mkeka wa heshima chini ya msufi, kando ya dirisha lake, akaweka mto mmoja tu. Bwana Mzuzuri hakuwahi kumwachia mtu mto wa mbele. Aliuwahi akaketi. Dua ilipoanza, pakasikika sauti: kriiii!

Tajiri akainuka.

"Kaa, bwana," alisema shehe. "Hata pilau bado."

Kriiii! Kriiii!

Bwana Mzuzuri alijifunika sinia kichwani. "Jamani, kimbieni! Mti umeoza huu, utatuua!"

"Si ulisema mzima?" Bi Siwema aliuliza kutoka chumbani.

"Mzima wapi! Leteni mashoka!"

"Yako nyuma ya mlango, bwana. Yamekwisha kunolewa."

Kufikia alasiri msufi ulikuwa umeshushwa tawi kwa tawi, na ndani ya shina palikuwa na pango la kulaza mbuzi.

Wageni walipoondoka, Bi Siwema alimwombea mumewe rehema. Kisha alikipaka mafuta ya nazi kitanda cha marehemu pale dirishani, maana alikuwa amekitikisa sana, na sasa hakikuwa na haja ya kulia tena.