Kwa Nini Aliyepewa Kitawi Hurudi Kusema Kimeshika

Sogeeni mketi, maana habari hii haimfai mtu aliyesimama, mguu nje mguu ndani.

Hapo kale, huku kwetu milimani, viwanja vya nyumba vilikuwa vitupu. Mtu alifagia kuanzia mlangoni mpaka njiani, udongo ukang'aa, na mmea usioliwa uling'olewa kama gugu. Maua yalikuwa mali ya porini. Aliyeyaleta nyumbani alihesabiwa kuwa hana kazi.

Wakati huo aliishi Nakijwa, mfinyanzi. Mumewe alikufa mapema, mtoto hakujaliwa, na nyumba yake ilikuwa pale njia inapoishia. Kufika kwake kulitaka mtu akusudie, na hakuna aliyekusudia. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno, akakisemesha chungu ili tu asikie sauti ya mtu.

Raha yake ilikuwa safari za kupeleka vyungu kwenye magulio ya mbali. Wenzake walitazama bei, yeye alitazama viwanja vya watu. Mahali pamoja aliona njia iliyopindishwa makusudi, mgeni akutane na harufu ya maua kabla hajauona mlango. Kwingine aliona mawe yamepangwa chini ya ukingo wa paa ili maji ya mvua yasichimbe, na mimea ya kivulini imestawi kando yake. Yote hayo aliyabeba kichwani, juu ya mzigo wa vyungu.

Kilichomshika moyo hasa kilikuwa kibaraza cha udongo mbele ya nyumba ya ajuza mmoja wa tambarare, Nambike. Kilikuwa na nafasi mbili za kukaa, na katikati umeota mmea wa maua meupe. Nambike naye aliishi peke yake.

"Mbona nafasi mbili, bibi?" Nakijwa aliuliza.

"Moja yangu, mwanangu. Nyingine ya atakayekuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Walikaa pamoja mpaka vivuli vikarefuka. Wakati wa kuagana ajuza alimkatia kitawi. "Kikishika, njoo uniambie."

"Nitakuja, bibi," akajibu Nakijwa, kama watu wanavyojibu.

Akarudi, akapindisha njia, akapanga mawe, akafinyanga kibaraza cha nafasi mbili na kukipanda kitawi katikati. Majirani walicheka wakisema hata mchicha hana. Kitawi kikashika, kikatoa maua, kiwanja kikawa kizuri kuliko vyote alivyoviona safarini. Nafasi ya pili ikabaki na vumbi lake. Misimu ikapita, naye hakuwa tena na nguvu za safari ndefu.

Siku moja jirani wa ng'ambo ya bonde, Nakiete, alisimama njiani akaomba kitawi. Hakuingia, alikuwa na haraka. Nakijwa alimkatia kizuri kuliko vyote, kwa furaha. "Kikishika, njoo uniambie."

"Nitakuja, dada."

Tangu hapo Nakijwa alifagia njia kila asubuhi na kuipangusa nafasi ya pili. Mvua zikaja, zikaisha. Halafu, akiwa kibarazani, akaona weupe ng'ambo ya bonde, mlangoni kwa Nakiete. Kitawi kilikuwa kimeshika zamani. Iliuma, ndugu zangu. Alilia kama aliyefiwa, na katikati ya kilio akaikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema, "Nitakuja, bibi."

Hakulala. Alfajiri alikata kitawi chenye maua, akaishika njia ya tambarare bila chungu hata kimoja, akipumzika kila kilima.

Alikuta paa limeanguka na mmea umekauka kwa kiangazi. Mwanamke wa nyumba ya pili alimwambia Nambike amekwisha kuzikwa. "Mpaka mwisho wake, kila mwenye vyungu akipita, alitoka nje kuangalia."

Nakijwa akaketi kwenye nafasi ya mgeni. Akakipanda kitawi katikati, akautazama upande uliokuwa mtupu, akasema kwa sauti, "Kimeshika, bibi."

Aliporudi hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Nakiete, akamsimulia alikotoka na alichokikuta, bila neno la lawama. Nakiete aliacha mahindi yake motoni, akamfuata mpaka mwisho wa njia, akaketi kwenye nafasi ya pili. "Kimeshika, dada," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu mtu akipewa kitawi haambiwi ashukuru. Anatakiwa arudi kusema kimeshika, na akikuta mwenyewe hayupo tena, hukaa na kuuambia mlango. Ndiyo maana vibaraza vyetu vina nafasi mbili na ua katikati. Ukipita ukaona mtu amekaa upande mmoja, usimuulize anamngoja nani. Kaa.