Joho la Uapikuni na Nguzo ya Sultani Teobaldi

Imetufikia kutoka vinywa vilivyotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Wafaransa, zama za merikebu za matanga na panga za kiunoni, alikuwako Sultani aitwaye Teobaldi, na mji wa kiti chake ulikuwa Montarivo, mji wa minara na kengele na mvua isiyochoka. Sultani huyu alikuwa na hazina na askari na mawaziri wa kumwitikia, na kila alichokitamani aliletewa kabla hajakitaja, ila kitu kimoja. Tangu alipofiwa na mkewe, Bibi Hermesinda, kichwa chake kiliingiwa na baridi isiyotoka. Alivikwa taji, likazidisha. Alivikwa kilemba cha hariri na kofia ya sufu na kofia ya manyoya ya sungura, na bado aliketi barazani meno yakimgongana, na mawaziri nao wakagonganisha ya kwao, wasije wakaonekana wana joto kuliko bwana wao.

Basi mabaharia wakamletea tunu kutoka ng'ambo ya bahari, ndege mdogo wa kijivu mwenye kujua lugha zote za wanadamu na mwenye kupenda mafuta kuliko heshima. Ndege akatua juu ya meza ya Sultani, akadonoa siagi mpaka akaridhika, kisha akanena.

"Ewe Sultani, baridi yako si ya hewa, na kofia zako zote ni za hewa. Kule kwetu yuko mnyama aitwaye biva, ana mkia mpana kama mwiko na meno ya kuangushia miti, naye hujenga mabwawa kwa magogo na tope. Ngozi yake mbichi haitakufaa. Tafuta joho la ngozi zake lililovaliwa na mtu hata manyoya marefu yakapukutika, ukabaki ule ulaini wa ndani uliokunywa joto la mwanadamu. Joho hilo lifanye kofia, nawe utapona."

Hapo akaitwa Mzee Gotye, fundi wa kofia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona, na pamoja naye akaja mwanawe wa pekee, Anselmi, kijana mpole wa maneno machache. Sultani akamwamuru kijana avuke bahari akalete joho. Na kwa kuwa masultani hawajui kuomba kitu pasipo kushika kingine, akaamuru mzee abaki ndani ya mnara wa kasri mpaka joho lifike. Tena akampa Anselmi nguzo iliyopakwa dhahabu, na juu yake nembo ya ufalme, aisimike kwenye mto wa kwanza atakaouona, ili ulimwengu ujue kwamba mto ule ni wa Sultani Teobaldi. Mto wenyewe Sultani hakuwahi hata kuunawia mikono.

Siku ya kuagana mzee alimshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili, akauchunguza kama achunguzavyo kofia, akamwambia, "Mwanangu, usiharakishe kunikomboa hata ukaiacha adabu njiani. Mimi nitangoja. Rudi na mikono safi."

Anselmi akapanda merikebuni na mbwa wake na yule ndege wa kijivu, na bahari ikawatesa kadiri ilivyopenda, hata wakafika kwenye nchi ya misonobari na mawe, ambako mto mkubwa uliwapokea. Na wenyeji wa mto ule walikuwa Wainu, watu wa mitumbwi ya maganda ya miti, na mkubwa wao alikuwa Maikani, ambaye jina lake kwa lugha yao ni mbwa-mwitu, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu apendaye kucheka. Alikuwa na binti aitwaye Uapikuni, yaani ua, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, ila akicheka hata wazee hugeuka kutazama.

Wakampa mgeni samaki na tumbaku na nafasi karibu na moto, na ndege akawa mkalimani wao. Anselmi akasimika ile nguzo ufukoni, kwa kuwa ameamriwa. Maikani akaizunguka, akauliza ni ya nini. Anselmi akaona haya kusema kweli, akajibu kuwa ni ya kufungia mashua. Maikani akatazama miti iliyojaa ufuko mzima, akamtazama mgeni, akasema nguzo nzuri, na mambo yakaishia hapo.

Kisha Anselmi akatandaza bidhaa zake, masufuria ya shaba na visu na sindano, akasema kwamba hataki ngozi mpya, anataka majoho waliyokwisha kuyavaa, na yaliyochakaa zaidi ndiyo bora. Ndege alipotafsiri, kambi nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja mtu mzima akamvua mumewe joho lake pale pale, akapewa sufuria jipya, akaondoka mbio asije mgeni akarudiwa na akili. Sisi husema ya kale ni dhahabu, lakini wao walikuwa hawajapata kumwona mtu aliyeamini jambo hilo kiasi hicho.

Ila ndege hakuridhika na majoho yale. Yote yamevaliwa, akasema, lakini la kuponya ni lile pale. Na lile pale lilikuwa mabegani mwa Uapikuni. Lilishonwa na mama yake siku za uhai wake, na binti alikuwa amelivaa tangu kifo cha mama, majira mawili ya baridi, akilala nalo na kuamka nalo. Alipoulizwa anataka nini badala yake akasema haliuzwi, na hakurudia.

Anselmi hakumbembeleza. Walipokuwa wameketi kando ya moto akamsimulia habari za baba yake, jinsi vidole vyake vinavyoona kuliko macho, na jinsi alivyofungwa ndani ya mnara, akingoja joho na kuwasikiliza njiwa. Habari za Sultani alisahau kuzitaja. Uapikuni akasikiliza huku akichochea moto. Kulipopambazuka akaja akalitua joho juu ya magoti ya kijana.

"Hii si biashara," akasema. "Nampa baba yako."

Anselmi akalipokea kwa mikono miwili, na nafikiri tangu hapo moyo wake haukumrudia tena, ingawa yeye alidhani ni baridi ya asubuhi.

Kwa furaha ya zawadi ile Maikani akafanya karamu, nyama ya biva ikapikwa, na watu wakala. Sasa, kule Montarivo mgeni akitaka kukisifu chakula humtupia mbwa mfupa, maana yake ni kwamba karamu imetosha hata mbwa kashiba. Ndege alikuwa amezama ndani ya chungu cha mafuta, hakuona. Anselmi, kwa adabu yake yote, akautupa mfupa wa kwanza, na wa pili, na mbwa akaitafuna kwa raha zake. Kicheko kikakatika. Watu wakainama kama waliofikiwa na habari ya msiba.

Uapikuni akamweleza taratibu, kwa kinywa cha ndege aliyetolewa chunguni, kama anayemweleza mtoto, kwamba mifupa ya biva hurudishwa mtoni, naye Bwana wa mabiva huivika nyama upya, na hivyo mwindaji na mwindwa huishi pamoja miaka yote. Mfupa apewao mbwa ni tusi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, lakini huyu hakujua kama pana jicho la kufumba.

Asubuhi yake bwawa lilikuwa limebomoka, maji yamekimbia, na hapakuwa na biva hata mmoja, juu ya mto wala chini ya mto. Baridi ilikuwa inakaribia, ile baridi ya kule ambayo mtu asiye na nyama ya akiba haioni mwisho wake. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaugua.

Na siku hiyo hiyo nahodha akapiga tarumbeta, kwa kuwa barafu ilikuwa inaanza kufunga mdomo wa mto, na merikebu isipoondoka sasa haitaondoka mpaka majira yageuke. Joho lilikuwa mkononi mwa Anselmi. Maikani akamwambia bila hasira, "Nenda, mgeni. Baba yako anakungoja. Sisi tumewahi kuwa na njaa." Anselmi akaukumbuka uso wa baba yake, na viganja vile viwili, na neno lile la mikono safi, akalia hadharani bila kujificha. Kisha akamgeukia ndege, akamwomba ampeleke waliko mabiva.

Ndege akamwongoza msituni hata wakafika kwenye ziwa jeusi lililozungukwa na miti iliyotafunwa, na kati ya ziwa palikuwa na kilima. Kilima kikafumbua macho. Sisi tungemwita jini. Wainu humwita Bwana wa mabiva, nao ndio wanaomfahamu. Meno yake yalikuwa mekundu kama udongo wa mfinyanzi, na sauti yake ilitoka chini ya maji.

"Mfupa wa mwanangu umempa mbwa," akasema. "Je, mbwa ataninyonyeshea mwingine?"

Anselmi hakusema hakujua, ingawa hakujua. Akapiga magoti kwenye tope, akasema, "Kosa ni langu, Bwana, si la wale. Njaa ikitaka mtu, initake mimi."

"Nikufanyie nini wewe? Huna manyoya," akasema Bwana wa mabiva. "Mfupa uliotafunwa haurudi. Lakini mkononi mwako naziona ngozi za wanangu, zimevaliwa kwa mapenzi na hazikuvunjiwa heshima. Nipe hizo, mto utajaa. Ukizichukua, chukua, wala sitakuzuia, na merikebu yako bado ipo."

Ee msikilizaji, wewe ungefanyaje? Mimi nimeisimulia hekaya hii mara nyingi na jibu langu bado sijalipata. Kijana akaliweka joho usoni, akalinusa moshi wake na harufu ya yule aliyelivaa, akamwomba baba yake radhi kwa sauti, kisha akalilaza juu ya maji. Na mishono aliyoishona mama yake Uapikuni ikafumuka yenyewe, polepole, na kila ngozi ikajaa mwili, na biva mmoja mmoja akapiga maji kwa mkia wake akaenda zake.

Aliporudi kambini merikebu ilikuwa imekwisha kuondoka, na mtoni kulisikika miti ikianguka. Akasimama mbele ya Uapikuni mikono mitupu, akamwambia kwamba joho la mama yake amelitoa bila ruhusa, na la kumwokoa baba yake hana tena. Binti akageuka akautazama mto.

"Mama alilishona ili mtu asione baridi," akasema. "Leo kambi nzima haitaona baridi. Nini kimepotea?"

Kisha akasema atashona jingine. Anselmi akamshukuru, lakini akanung'unika kwamba joho huhitaji majira mawili ya kuvaliwa hata lilainike, na baba yake ni mzee, huenda asiyafikie.

"Likivaliwa na mtu mmoja ni majira mawili," akajibu Uapikuni, akiwa ameinamia sindano. "Likivaliwa na wawili ni moja. Hilo hata mbwa wako analijua."

Ndege hakulitafsiri neno hilo mara moja, alicheka kwanza. Na Anselmi alipolielewa masikio yake yakawaka, akaenda kwa Maikani kuposa, na Maikani akamwuliza kama safari hii mashua itafungwa kwenye mti. Hapo Anselmi akatubu uongo wake wa nguzo, akasema kweli yote. Maikani akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema mtu anayedhani mto unashikwa kwa kijiti ni wa kuhurumiwa, akampa binti yake. Wakaoana, na baridi yote ile wakalala chini ya joho moja, na mifupa ya kila karamu Anselmi aliirudisha mtoni kwa mikono yake mwenyewe.

Barafu ilipoyeyuka merikebu ikarudi, nao wakasafiri pamoja hata Montarivo. Mzee Gotye alikuwa hai, ila nuru ya macho ilikuwa imemwacha kabisa. Alipowekewa joho magotini akalipapasa, akalipapasa tena, na uso wake ukafunguka.

"Hili limevaliwa na wawili," akasema. "Mwanangu, mlete nimshike mkono."

Akatengeneza kofia kwa vidole peke yake, na haikupata kuonekana kofia laini kama ile. Sultani alipoivaa, meno yakatulia. Akalitaja jina la Hermesinda kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalia, na ile baridi ikamtoka pamoja na machozi. Mawaziri nao wakalia, na safari hii baadhi yao walikuwa wanalia kweli.

Sultani akamfungulia mzee mnara, akawapa vijana masanduku ya shaba na nguo na sindano za chuma yaliyojaza mashua, kisha akauliza kama nguzo yake ingali imesimama. Uapikuni akajibu mwenyewe, na ndege akatafsiri bila kupunguza neno.

"Ewe Sultani, wenye mto waliikata kwa meno, wakaiweka katika bwawa lao. Inazuia maji vizuri. Nembo yako iko upande wa chini."

Mawaziri wakautazama mlango. Lakini kichwa cha Sultani kilikuwa na joto, na mwenye joto kichwani huona mbali kidogo. Akacheka, akaapa kwa kofia ile kwamba maadamu yu hai hakuna nguzo yake itakayosimama kwenye mto wa Maikani. Nao vijana wakarudi mtoni na Mzee Gotye, akaishi kando ya maji akisikiliza mabiva badala ya njiwa, na wajukuu wakamwongoza kwa kidole.

Ama mito mingine, Sultani hakuiapia, na masultani waliomfuata hawakuvaa kofia ile. Nguzo zilikuja nyingi kuliko mabiva wa kuzikata, na hiyo ni habari ya kulia, si ya kusimulia. Mimi naishia kwenye mto huu mmoja. Na fundisho lake ni hili, ewe uliyenisikiliza: ukiingia nyumba ya watu usianze kwa kusimika, anza kwa kuuliza mifupa huwekwa wapi.