Mtemi Aliyekataza Watu Kupanda Juu ya Miti

"Shingo ni yangu, moto ni wetu." Mlilisikia neno hilo jana mkutanoni, mama mmoja alipomwambia mwenyekiti wa kijiji. Watu wazima wakacheka, mwenyekiti mwenyewe akacheka, ninyi vijana mkabaki kutazamana. Leo mmekuja kuuliza limetoka wapi. Vyema. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa kitako akafikiri. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyesimama mbele ya baraza, nywele zake zimeungua upande mmoja. Ilikuwa hivi.

Katika nchi ya misitu, kule ambako watu waliishi kwa mtama na asali, alitawala mtemi aitwaye Msabila. Hakuwa mtemi mbaya, na hilo mlishike tangu mwanzo, maana hadithi nyingi za watawala humhusu mtu katili, na hii si ya namna hiyo. Njaa ilipoingia, Msabila alifungua ghala lake kabla hajaombwa. Mtu akiugua, alikwenda mwenyewe kumjulia hali, akaketi kwenye kigoda kama jirani.

Mtemi huyu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Luhende, na Luhende alikuwa mrina asali. Kazi yake ilikuwa kutundika mizinga ya magome juu ya miti mirefu na kuipandia asali inapoiva. Siku moja tawi likakatika. Luhende akaanguka, akavunjika shingo, akafa pale pale chini ya mninga. Msabila alimbeba mwenyewe hadi nyumbani, hakukubali mtu amsaidie.

Matanga yalipokwisha, akaita watu, akasema kwa sauti iliyokauka, "Tangu leo, katika nchi yangu, mtu mzima wala mtoto asipande mti. Sitaki kuzika mwingine."

Watu hawakumlaumu. Walisema ni uchungu, utapoa. Lakini uchungu ule haukupoa, ulizaa. Mtoto alipoponea chupuchupu kutumbukia kisimani, Mtemi akakataza visima vyenye kina kuliko kimo cha mtu. Kiangazi kilipofika, visima vifupi vikakauka, wanawake wakawa wanafuata maji mbali. Nyumba moja ilipotapika kwa kula uyoga mbaya, akaamuru uyoga wote uletwe kwake ukaguliwe. Basi masika yote ua wake ulijaa vikapu, naye akiinama kunusa kimoja kimoja, jasho likimtoka, akiogopa kuwaua watu kwa neno lake. Mnyampara wake mkuu, Mzee Kasonso, akaja siku moja kumuuliza kama paa la nyumba nalo ni mti. Paa lake lilikuwa linavuja, na hakujua kama ana ruhusa ya kulipanda. Mtemi alifikiri sana, akamwambia asubiri kwanza. Mzee wa watu akaishi na vyungu vimezunguka kitanda, akikinga maji ya mvua.

Na watu wakazoea. Hilo ndilo lililomchosha Msabila kuliko yote. Ndugu wawili wakigombania mche wa mgomba, hao kwa Mtemi. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa, huyo kwa Mtemi. Mtu akijikwaa njiani akang'oka ukucha, Msabila hujiuliza ni amri gani aliyoisahau kuitoa. Akakonda. Aliwabeba wote mgongoni, na hakujua pa kuwatua.

Mtu ambaye Mtemi alimtunza kuliko wote alikuwa Kalunde, mjane wa Luhende. Alimpelekea mtama, nyama na nguo, asikose kitu. Sasa Kalunde alikuwa na binti, Nyanzala, aliyekuwa karibu kuolewa, na katika nchi ile harusi haikuwa harusi bila pombe ya asali. Kalunde akaenda kwa shemeji yake.

"Shemeji," akasema, "mizinga ya Luhende imejaa. Nyuki wanakaribia kuhama. Niruhusu nikarine mara moja tu, kwa ajili ya Nyanzala."

"Nitakupa pombe ya mtama, mitungi uitakayo."

"Mitungi sikuifuata. Nataka mwanangu aolewe kwa asali ya baba yake."

"Asali hiyo ndiyo iliyomuua."

"Kilichomuua ni tawi, shemeji. Na mimi marehemu baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alinifundisha kupanda kabla sijajua kusonga ugali."

Msabila akatikisa kichwa. Aliuona tena ule mninga, akamwona mdogo wake amelala chini yake. "Nenda nyumbani, Kalunde. Ukihitaji chochote, niambie."

"Nimekwisha kukuambia," akajibu Kalunde, akaondoka.

Siku chache baadaye, watu walikuwa katika shamba kubwa la Mtemi wakimaliza kung'oa karanga. Kiangazi kilikuwa kikali, nyasi za msituni zimekauka mpaka zinalia chini ya miguu, na upepo unavuma kuelekea kijijini. Mtemi alikuwa amekaa kivulini pembeni. Mara akasikia ukelele, akamwona Kalunde anatoka msituni mbio, nguo imechanika, upande mmoja wa kichwa chake unafuka.

"Moto! Moto unakuja! Ni mimi niliyeuangusha! Tokeni!"

Nyuma yake moshi ulikuwa umesimama kama ukuta.

Hapo likatokea jambo ambalo Msabila hakulisahau mpaka anakufa. Watu wote wale, wanaume wenye misuli, wanawake waliolea watoto kumi, hawakukimbia wala hawakushika jembe. Waligeuka wakamtazama yeye. Walikuwa wanangoja waambiwe.

"Mnanitazama nini?" akapiga kelele. "Kimbieni mkauzime!"

"Tupite wapi, Mtemi?" akauliza mmoja.

"Tutumie nini, Mtemi?" akauliza mwingine.

Mtemi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu atawale akakosa amri. Moto ulikuwa unakuja pande nyingi, naye alikuwa mtu mmoja mwenye macho mawili.

Kalunde hakungoja. Alivunja tawi bichi, akarudi kule kule alikotoka, akaanza kuupiga moto. Alipomwona peke yake katika moshi, Msabila alitupa joho lake la utemi, akavunja tawi lake, akamfuata. Ndipo watu walipozinduka. Wengine wakafyeka nyasi, wengine wakamwaga udongo kwa majembe, wengine wakakimbilia kijijini kutoa watoto na mbuzi. Kila mtu akafanya alichokiona mbele yake. Walipigana na moto mpaka jua likaanza kuteremka. Ulipofika ukingo wa shamba lile, ukakuta udongo mtupu, karanga zimekwisha kung'olewa. Ukazunguka, ukatafuta cha kula, ukakosa, ukafa.

Hakufa mtu. Kulikuwa na malengelenge na macho mekundu, na ghala moja la mtama la kijana Mihambo, aliyejenga nje kidogo ya kijiji, liliteketea. Watu walikaa chini pale pale shambani, nyuso nyeusi kama masufuria, wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Kesho yake baraza likakaa. Mzee Kasonso akasimama akasema, "Mtemi, sheria inajulikana. Kalunde amepanda mti. Aliyepanda mti hufukuzwa nchini."

Mtemi akamtazama mjane wa mdogo wake. "Kalunde, nilikukataza kupanda."

"Ulinikataza, Mtemi."

"Ukapanda."

"Nikapanda. Nikapanda peke yangu, kwa sababu ambaye angenisindikiza angeshiriki kosa langu. Zamani mrina hakwenda peke yake. Mmoja alikuwa juu, mwingine chini akilinda moto. Jana chini yangu hapakuwa na mtu. Nikasikia sauti za watu njiani, nikaogopa kuonekana, nikauficha mwenge wa kufukizia nyuki nyuma ya shina. Kaa likaanguka nyasini."

"Kwa hiyo unakiri kosa."

"Nakiri moja, sikiri mawili," akasema Kalunde. "Moto ule ungeweza kumla mtoto wa mtu ambaye sikumuuliza. Mihambo hakuniambia nikarine, lakini ghala lililoungua ni lake. Kwa hilo nipeni adhabu yoyote, sitalia. Lakini kwa kupanda mti, siombi msamaha. Shingo ni yangu, Mtemi. Moto ndio wetu."

Watu wakaguna. Msabila akainuka kwenye kiti.

"Shingo yako!" akasema. "Luhende naye shingo ilikuwa yake! Lakini nani aliyembeba? Nani aliyemzika? Ukianguka wewe, Nyanzala atamlilia nani? Hakuna mtu mwenye shingo peke yake, Kalunde."

Kalunde akamsogelea hatua moja. Alipojibu, hakusema tena na Mtemi wa baraza. Alisema na ndugu wa mumewe.

"Kweli, shemeji. Ningekufa mngelia, na mimi nilimlilia Luhende kuliko mtu yeyote hapa. Kwa ajili hiyo naangalia ninapokanyaga. Anayenililia ana haki ya kunisihi. Ana haki ya kunionyesha tawi bovu, hata kunishikia kamba. Hana haki ya kunifunga kwa kamba hiyo. Jana ulituona shambani. Tulikuwa tunakutazama wewe, na moto unakuja. Utatubeba wote mpaka lini?"

Msabila akarudi kuketi. Baraza lilidhani amekasirika. Alikuwa akiyakumbuka yale macho, macho ya watu wazima yakimngoja. Akakumbuka pia kwamba moto ulipokuwa umepamba, kila mtu alijua la kufanya mara tu alipoacha kumtazama yeye. Akajiona jinsi alivyoinamia vikapu vya uyoga asioujua. Na akatambua kwamba amri yake ya kwanza hakuitoa kwa ajili ya watu. Aliitoa kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu aliogopa kulia tena.

Akapumua. Waliokuwa karibu walisema pumzi ile ilikuwa ndefu, kama ya mchukuzi anayetua mzigo mwisho wa safari.

"Kasonso," akasema, "paa lako bado linavuja?"

"Linavuja, Mtemi."

"Basi panda ukaliezeke, mzee wangu. Na ninyi nyote, chimbeni visima vyenu, viwekeeni vifuniko ili mtoto wa jirani asitumbukie. Uyoga wenu muonyeshane wenyewe kwa wenyewe. Mimi siujui na sijapata kuujua. Anayetaka kupanda mti, apande. Nitamsihi awe mwangalifu, wala sitachoka kumsihi. Lakini moto!" Akanyanyua kidole. "Hapo sirudi nyuma. Kiangazi, mtu asiingize moto msituni bila mwenzake wa kuulinda, na bila kufyeka nyasi chini ya mti. Atakayevunja hilo tutaonana hapa, hata akiwa mwanangu. Kalunde, utamjengea Mihambo ghala, na kila kiangazi utaongoza watu kufyeka nyasi kuzunguka kijiji."

"Nimekubali," akasema Kalunde. "Na hiyo ni haki."

Baraza likavunjika kwa vicheko na vigelegele. Inasemekana mchana ule ule nusu ya wanaume wa kijiji walionekana juu ya mapaa, na wake zao chini wakiwaelekeza pa kuezeka.

Ghala la Mihambo liliposimama, Kalunde akaenda tena msituni, safari hii mchana kweupe, watu wanamwona. Mizinga miwili ilikuwa imesalimika ng'ambo ya kijito ambako moto haukufika. Alihitaji mwenzake wa kukaa chini, na aliyejitokeza alikuwa Msabila. Mtemi akafyeka nyasi kwa mikono yake mpaka udongo ukaonekana. Akawasha mwenge, akawafukizia nyuki moshi kutoka chini. Kalunde akaanza kupanda.

Mguu wake mmoja ukateleza kwenye gome. Neno "Shuka!" likafika kwenye ulimi wa Msabila, likakaa hapo, likawaka. Akalimeza. Akayatoa macho yake juu, akayarudisha kwenye mwenge aliokuwa ameushika. Cheche moja ikaruka ikatua udongoni. Akaikanyaga mpaka ikafa.

Kalunde akashuka salama, kibuyu kimejaa asali. Akamkuta Mtemi ameloa jasho, anatabasamu kama mtu aliyepona homa.

"Umeogopa, shemeji?"

"Nimeogopa sana," akasema Msabila. "Lakini shingo ni yako."

"Na moto?"

Msabila akauzamisha mwenge katika mchanga, akaugeuza mpaka moshi wa mwisho ukatoka. "Moto ni wetu," akasema.

Nyanzala akaolewa kwa asali ya baba yake, watu wakanywa, wakaimba. Na tangu siku zile, mtawala akitaka kumchagulia mtu mzima mahali pa kukanyaga, au mtu akitaka kuchezea kitu kitakachowaunguza majirani, wazee huwaambia wote wawili neno lile lile moja: shingo ni yangu, moto ni wetu.