Siku ya Tatu kwa Mama Ndunge

Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hupendwa zaidi na wenyeji kuliko wageni, jambo ambalo lingetosha kuitilia shaka. Maana yake ya juujuu ni kwamba ukarimu una mpaka. Maana yake ya ndani ni kwamba mtu haingii katika jamii kwa kukaa kitini. Kaijage aliijua ile ya kwanza tangu shuleni. Ya pili aliifahamu mwaka wa 1959, kwa maumivu ya mgongo.

Kijana huyo alitoka Bukoba, Tanganyika, kuja kusomea ualimu katika chuo kimoja cha Ruiru. Mabweni yalikuwa bado yanaezekwa, hivyo mchungaji alimtafutia makao kwa Mama Ndunge, mkulima Mkamba aliyeishi mashariki ya Thika, ambaye mumewe alifanya kazi katika mashamba ya mkonge na kurudi nyumbani Jumapili tu. Masharti ya kupokelewa chuoni yalikuwa mengi kama siafu. Kifua kilipimwa, chanjo ikachanjwa, picha ikapigwa. Likabaki moja. Kwa kuwa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa haijaondolewa na kila uso mpya ulishukiwa, mgeni alipaswa kutambuliwa mbele ya naibu wa chifu na majirani wawili wasio wa nyumba aliyofikia. Asipopata muhuri kabla ya Ijumaa ya juma la pili, nafasi yake ingepewa mwingine, naye angerudi Bukoba kwa watu waliomuaga kwa ngoma.

Siku mbili za mwanzo Kaijage alikaa kama bwana harusi. Aliletewa maji moto ya kuoga, akapakuliwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa kunde, mpaka akashindwa kuinuka. Alfajiri ya siku ya tatu Mama Ndunge alimwekea jembe mlangoni.

"Mwanangu, leo kuna mwethya," alisema. "Kila nyumba hutoa mtu mmoja kumchimbia jirani matuta. Yangu itakutoa wewe."

"Lakini Mama, mimi ni mgeni."

"Ulikuwa."

Neno hilo lilimwasha kama upupu. Kwao mgeni hupewa buni za kutafuna, si mpini. Isitoshe, Erastus, mwanafunzi mwenzake kutoka Uganda, alikuwa amefikia kwa karani mmoja wa Makongeni, ambako alichinjiwa kuku na kukatazwa hata kuondoa kikombe chake mezani. Kaijage alifikiria kufunga sanduku na kuhamia huko. Lakini nafsi ilimsuta: alikuwa amekula cha watu, na tumbo halikani lilichopokea. Akalichukua jembe, uso ameukunja kama ngozi iliyoanikwa juani.

Shambani wenzake walirusha udongo upande wa juu wa mtaro ili uwe tuta. Yeye aliurusha popote. Bonge moja lilimpiga shingoni Wambua, jirani wa pili kutoka kwa Mama Ndunge.

"Mwalimu," Wambua alisema akijipangusa, "tumekuja kuchimba mtaro, si kaburi langu."

"Mwache," alisema Wayua, mjane mwenye shamba lile. "Anatufundisha. Leo tunajifunza jinsi jembe lisivyoshikwa."

Walicheka hadi wakaegemea mipini. Kaijage, akiwa hana pa kuificha aibu, alicheka nao. Kufikia adhuhuri walijua jina lake, walijua kwao, na walijua kwamba katika nyimbo za kazi alikuwa na sauti nzito isiyochukiza.

Siku moja kabla ya ile Ijumaa, Kaijage alisimama barazani mbele ya Mulei, naibu wa chifu, mtu aliyeamini kwamba kila mgeni ameficha jambo. Mama Ndunge alikuwapo, lakini sheria ilimfunga mdomo.

"Nani anamjua huyu?"

Kaijage aliuona mkono wa Mulei ukianza kuurudisha muhuri kisandukuni, na Bukoba ikamjia machoni yote kwa pamoja.

Wambua alisimama polepole. "Mimi. Nusura anizike nikiwa hai."

"Nimeuliza kama unamjua, si kama unamshtaki."

"Mtu mbaya angelenga vizuri zaidi," Wambua alijibu. "Tumechimba naye, tumekula naye. Ni wa kwa Ndunge."

"Nami namjua," Wayua alidakia. "Tuta alilonichimbia limepinda kama mkia wa mbwa. Ukimfukuza, nani atalinyoosha?"

Mulei hakucheka. Aligonga muhuri.

Upande wa Makongeni, majirani wa karani, watu wakweli, walieleza kwamba harufu ya kuku waliisikia, ila mgeni hawakumwona. Erastus alisubiri muhula uliofuata, akiwa amenenepa.

Jioni ile Kaijage alimkuta Mama Ndunge akipeta kunde. Alipiga goti, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu tangu aage kwao.

"Mama, asante kwa jembe."

"Asante haichimbi," alisema bila kuinua macho. "Jumamosi mwethya uko hapa kwetu. Lala mapema."

Kaijage aliisikia ile "kwetu", nayo ikamtulia moyoni kuliko muhuri. Hata mabweni yalipokwisha kuezekwa, aliendelea kutoka Ruiru siku za mwethya, na matuta yake yakanyooka kidogo kidogo. Huenda mgeni aliyekaribishwa kwa heshima tupu akabaki sebuleni maisha yake yote. Kaijage alipitishwa shambani, akawa mtu wa nyumba. Kwa ushahidi huo, hata mwenye shaka hana budi kukiri: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.