Mtungi Uliozibwa Ufa

Nikisema "kisa," nyinyi semeni "na kije." Kisa! Na kije, lakini kije polepole, wajukuu zangu, maana leo nimechoka, na huyo ninayemleta alichoka kunishinda.

Zama hizo, babu wa babu yangu hajazaliwa, palikuwa na mji wa mawe uliobanana sana. Ua wa Mwana Shee ulitosha mkeka mmoja tu. Na mji ule ulikuwa na ada yake: binti haolewi mpaka mamake amkatie bwana harusi komamanga lililozaliwa nyumbani mwao. La kununua, aibu. La kuomba kwa jirani, aibu zaidi.

Mwana Shee alikuwa mjane, na bintiye Ruweida ameshaposwa. Akachukua mtungi mkuukuu, akautia udongo na samadi, akapanda mche. Mtungi ulikuwa na ufa kitakoni, na mwanamke mwenye mtungi unaovuja alisemwa kisimani kwamba nyumba imemshinda. Akauziba ufa kwa nta. Ndipo ikaanza kazi ya maji.

Asubuhi akateka, akabeba, akamwagilia. Alasiri akateka, akabeba, akamwagilia. Kisima kilikuwa nje ya mji, na njia ya kurudi ni ya kupanda, mnanisikia? Mwaka wa kwanza majani yakawa manjano. Akadhani maji hayatoshi, akaongeza safari. Mwaka wa pili maua yakatoka, yakapukutika. Akaongeza safari. Wewe unacheka, ungekuwa na shingo yake usingecheka.

Mwaka wa tatu, upande wa bwana wakatuma mtu: watangoja mwaka mmoja tu, kisha kijana wao ataoa kwingine. Ruweida akainamia ungo, akaendelea kuchagua mchele. Hilo lilimuuma mamake kuliko kilio.

Kesho yake uani, akiinua ndoo amwagilie, magoti yakakataa. Akauangukia mtungi, mtungi ukapinduka, nta ikabanduka. Yakatoka maji meusi yanayonuka. Jirani yake Bi Mkasi, mfinyanzi, akaja, akainama, akanusa.

"Nani alikwambia uuzibe?"

"Ungevuja, Bi Mkasi. Watu wangesema."

"Mwanangu, mtungi wa kunywea nauziba. Wa kupandia nautoboa. Mizizi yako imezama miaka mitatu, na aliyeizamisha ni wewe."

Mwana Shee akalia. Hakuulilia mti, alizililia zile safari.

Akausimamisha mtungi, ufa akauacha wazi, na tangu hapo akamwagilia kila baada ya siku tatu, na siku nyingine akalala. Maji yakachuruzika mpaka mlangoni, wapita njia wakasema waliyoyasema. Mwaka haujaisha, komamanga moja likakomaa, dogo kama ngumi ya mtoto. Akalikata mbele ya wakwe. Ruweida akaolewa.

Siku ya kumsindikiza bintiye, alimpa mche ndani ya mtungi mpya alioutoboa mwenyewe. "Ukivuja wakakusema," akamwambia, "waache waseme. Mimi niliwaziba midomo, nikabeba maji miaka mitatu."

Basi nyinyi mnaopanda limau kwenye makopo huko uani, toboeni chini. Na mkichoka, semeni mmechoka, msingoje magoti yawasemee.

Kisa nimekitua hapa. Anayekitaka akibebe, mabega yangu hayawezi tena.